Kutoka mchoro huria hadi mzigo wa kwanza: mwongozo kamili wa karakana ndogo ya plastiki

Mtu akitaka kutengeneza bidhaa za plastiki, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza, kitu cha kwanza anachoambiwa ni bei ya mashine ya kiwandani, na mazungumzo huishia hapo. Njia ya pili ipo. Mwaka 2013 kijana wa Kiholanzi, Dave Hakkens, alitoa bure michoro ya mashine ndogo za kusaga, kuyeyusha na kuunda plastiki, akauita mradi wake Precious Plastic. Toleo la nne lilitoka 2020. Michoro yote inapakuliwa bila malipo, na mtu yeyote anaruhusiwa kuijenga, kuibadilisha na kuuza anachokitengeneza.

Hayo ndiyo maunzi huria: anayebuni kifaa anatoa michoro, orodha ya vipande na maelekezo, ili mwingine akijenge bila kumwomba ruhusa. Watu wa programu walizoea utaratibu huu zamani. Kwa upande wa vyuma na umeme, mwaka 2005 ulikuwa wa kipekee: Italia ilianza Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki yenye michoro wazi, na huko Uingereza, Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath alianzisha RepRap, printa ya 3D inayochapa sehemu ya vipande vyake yenyewe. Hataza kuu (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya kampuni ya Marekani iliyokuwa imeshikilia mbinu hiyo ya uchapaji ilipoisha 2009, printa zilishuka bei kutoka kiwango cha magari hadi kiwango cha simu.

Hoja yangu katika mwongozo huu ni moja: mchoro wa bure hauwi mashine mpaka usahihishwe kwa vipimo vya soko unalonunulia chuma. Mwenye kufanya kazi hiyo ya kusahihisha, akaiandika, ndiye mwenye kiwanda. Asiyeifanya anabaki na faili kwenye simu.

Tutajenga mashine moja tu, ile ya kushindilia plastiki kwa mkono. Haina mota, inatumia umeme usiofika kilowati moja, na fundi wa kuchomelea akisaidiana na fundi wa kukereza wanaweza kuimaliza. Na tutatengeneza bidhaa moja tu.

Hatua ya 1: Mnunuzi kabla ya mashine

Wengi huanza na mashine, wakishaimaliza ndipo wanaulizana watengeneze nini. Matokeo yake ni vifungo vya funguo na mapambo ya kuuzia watalii, ambayo huuzika mwezi mmoja na kulala mitatu. Ushauri wangu ni utafute kitu ambacho fundi jirani anakihitaji kila wiki.

Mfano nitakaoutumia ni kifuniko cha mguu wa kiti: kile kipande cheusi kinachozibwa kwenye ncha ya skwea paipu ili chuma kisichimbe sakafu. Kila anayechomelea viti vya shule, meza za kantini na vitanda anakihitaji, na kiti kimoja kinakula vinne. Hakigusi chakula. Hakibebi uhai wa mtu. Rangi yake haimsumbui mnunuzi, kwa hiyo plastiki ya rangi mchanganyiko inafaa.

Nenda kwa mafundi watano au sita wa eneo lako na uwaulize mambo matatu: wanatumia paipu za ukubwa gani zaidi, vifuniko wanavipata wapi, na vikiisha wanafanya nini. Jibu la swali la tatu ndilo lenye biashara. Kama wanaziba ncha kwa kipande cha bati na kupaka rangi juu, au wanaacha wazi, soko lipo. Kama duka la pembeni lina magunia ya vifuniko vya bei ya kutupa, tafuta bidhaa nyingine kabla hujatumia hata shilingi.

Hatua ya 2: Soma leseni

Neno huria lina mipaka yake, na inachukua nusu saa tu kuijua. Faili la leseni huwa ndani ya folda uliyopakua. Angalia mambo haya:

- Je, unaruhusiwa kuuza? Baadhi ya michoro hutolewa kwa masharti ya kutofanyia biashara. Kwa tafsiri inayokubalika kimataifa hiyo si huria kamili, na kwako wewe haifai.
- Je, ukibadilisha mchoro unalazimika kutoa mabadiliko yako? Leseni za CERN, maabara kubwa ya fizikia iliyo Uswisi, zilianza 2011, na toleo lake la pili la 2020 lina aina tatu. Yenye herufi S inakutaka uyatoe mabadiliko kwa masharti yaleyale, yenye W inakutaka kwa kiasi, yenye P inakuachia.
- Je, jina limo? Mara nyingi halimo. Michoro ya Arduino iko wazi, lakini jina Arduino ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Jenga kifaa, kiuze kwa jina lako, na utaje kilikotoka.

Chapisha leseni, iweke kwenye faili la karakana. Siku mteja mkubwa au mkopeshaji atakapouliza una haki gani ya kutengeneza mashine hii, jibu liwe kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Pitisha mchoro sokoni

Hapa ndipo miradi mingi hukwama, na ndipo pa kukaa muda mrefu. Michoro mingi ya maunzi huria imechorwa Ulaya, kwa paipu na bati za madukani mwao. Ukimpelekea fundi wako kama ilivyo atakuambia vipimo hivyo havipo, naye anasema kweli.

Chukua silinda, moyo wa mashine. Mchoro unaweza kudai bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 26. Dukani utakuta bomba jeusi la inchi moja, na inchi moja hiyo ni jina tu: kwa nje lina karibu milimita 33.7, na ndani, kwa ukuta wa milimita 3.25, linabaki na milimita 27 na kidogo. La ukuta mzito zaidi linaweza kushuka chini ya 26. Pistoni iliyokerezwa kwa kufuata mchoro itacheza kwenye bomba la kwanza na plastiki ipande juu. Kwenye la pili haiingii.

Kwa hiyo mpangilio ugeuze. Nunua bomba kwanza, lipime ndani kwa vernia, rula ya taya inayosoma sehemu za milimita, sehemu tatu tofauti, halafu ndipo umpe mkerezaji kipimo cha pistoni. Acha uwazi wa jumla wa milimita 0.3 hadi 0.5. Kama bomba lina mshono wa kuchomelewa kwa ndani, mkerezaji aupitishie kisu mpaka upotee, la sivyo pistoni itakwama kila siku mahali palepale. Bomba lisilo na mshono ni bora ukilipata. Lililopakwa zinki liache kabisa: zinki ikichomelewa hutoa moshi unaoleta homa kali kwa mchomeleaji.

Fanya hivyo kwa kila kipande. Chora jedwali la safu nne kwenye daftari: mchoro unasema nini, dukani kuna nini, umebadilisha nini, kipande gani kingine kimeguswa na mabadiliko hayo. Safu ya nne ndiyo inayosahaulika. Ukibadilisha bomba, bendi za joto, yaani mikanda ya umeme inayopasha silinda, nazo zinabadilika, kwa sababu zinapaswa kulikumbatia kwa nje bila mwanya.

Kwenye jedwali hilo andika majina wanayoyatumia mafundi wenyewe: skwea paipu, flati bari, engo laini. Kijana utakayemtuma Gerezani ya Dar es Salaam au Kamukunji ya Nairobi arudi na kitu sahihi bila kupiga simu mara nne.

Hatua ya 4: Fremu na wenzo

Fremu haina fumbo. Nguzo moja ya skwea paipu nzito, urefu wa mtu, kitako kipana kinachofungwa kwa boliti kwenye zege au meza nzito. Silinda inasimama wima, juu ina mdomo wa kumiminia chenga za plastiki, chini ina nozeli, tundu jembamba la kutokea plastiki. Wenzo mrefu unasukuma pistoni chini.

Hesabu ya nguvu ndiyo ya kuielewa, kwa kuwa inaamua utaweza kutengeneza nini. Silinda ya milimita 27 ina eneo la karibu sentimita za mraba 5.7. Mtu akivuta mwisho wa wenzo kwa nguvu ya kilo 30, na wenzo ukazidisha mara 6, pistoni inashuka kwa kilo 180. Gawanya: kama kilo 32 kwa kila sentimita ya mraba. Mashine za kiwandani hushindilia kwa mamia ya kilo, nyingine hupita elfu. Maana yake mashine yako haitatoa kikombe chembamba wala kifuniko cha chupa, hata uivute kwa nguvu namna gani. Itatoa vipande vinene, milimita 2.5 hadi 4, vifupi, ambavyo plastiki haisafiri mbali ndani yake. Kifuniko cha mguu wa kiti kinakaa vizuri katika mipaka hiyo.

Urefu wa wenzo usikushawishi. Ukiurefusha kupita kiasi, pistoni inasafiri kidogo kwa kila mvuto, na plastiki inaganda kwenye kalibu, umbo la chuma linaloipa bidhaa sura, kabla halijajaa.

Hatua ya 5: Umeme na joto

Vifaa vyenyewe ni vichache:

- bendi tatu za kupashia joto, za wati 200 hadi 250 kila moja, zenye kipenyo cha nje ya silinda yako
- vidhibiti joto viwili, kimoja cha juu ya silinda, kimoja cha eneo la nozeli
- vipima joto viwili vya aina ya K
- relei mbili za SSR (swichi za kielektroniki zisizo na sehemu inayosogea) pamoja na mapezi yake ya alumini ya kupoozea
- sakiti breka, kinga ya kuvuja umeme, na waya wa arthi
- sufi ya mawe ya kufunika silinda, na bati la kuifunga

Jumla ni wati 750 au chini, kama ampea tatu na ushee kwa umeme wa volti 230. Soketi ya kawaida inatosha, ila waya uwe wa unene unaostahili na arthi iwe ya kweli. Mwite fundi umeme mwenye leseni aikague kabla ya kuiwasha. Fremu nzima ni chuma na mtu ataishika kwa mikono miwili siku nzima, kwa hiyo arthi haina mjadala.

Kidhibiti cha bei nafuu kinachotumiwa sana ni REX-C100. Kinakuja kwa aina mbili zinazofanana uso: moja ina relei ndani, nyingine inatoa volti ndogo za DC za kuamrisha SSR. Kwenye lebo, herufi V katika namba ya toleo huashiria ya SSR, M huashiria ya relei. Usiamini lebo peke yake. Washa kidhibiti kikiwa kinaita joto, weka multimita kwenye vituo vya kutokea. Ukipata volti kadhaa za DC, ni sahihi. Usipopata kitu, SSR yako haitawaka, na utatumia siku nzima ukilaumu bendi.

Kuhusu SSR, jambo hili lishike sana: ikiungua, mara nyingi hubaki imewasha. Kidhibiti kitasema zima, bendi itaendelea kupasha, na silinda itapanda mpaka plastiki itoe moshi na kushika moto. Ndiyo maana unaweka fyuzi ya joto au swichi ya pili inayokata umeme wote joto likipita kikomo, na ndiyo maana mashine haiachwi peke yake hata kwa dakika ya kwenda kununua maji. Nunua SSR yenye ukubwa mara tatu au zaidi ya mahitaji yako, kwa kuwa namba zinazoandikwa kwenye za bei rahisi zimetiwa chumvi.

Kipima joto kiguse chuma cha silinda chenyewe. Kikigusa bendi, kitasoma joto la bendi, na plastiki ndani itakuwa bado ngumu wakati namba inaonyesha tayari.

Bendi zilizokaa stoo wakati wa masika huweza kunyonya unyevu na kuangusha kinga ya kuvuja. Zipashe taratibu, digrii 80 kwa nusu saa, kisha panda.

Hatua ya 6: Plastiki

Chagua moja kati ya mbili: HDPE yenye namba 2 ndani ya pembetatu, au PP yenye namba 5. HDPE ni madumu ya mafuta ya kula na chupa nyingi za shampuu. PP ni viti vya plastiki vilivyovunjika, ndoo nyingi na vyombo vingi vya nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, lakini madumu na viti vibovu bado ni mali ghafi isiyokwisha.

Usizichanganye. Zote mbili zinaelea majini na zikisagwa zinafanana, ila hazishikamani vizuri; kipande kilichochanganywa huchubuka kwa tabaka kama kitunguu. Kwa vifuniko vya miguu mimi napendelea HDPE ya madumu: inastahimili kugongwa, na chanzo chake kinatambulika kwa macho.

Ya kukataa ni PVC, namba 3. Ikipashwa joto inatoa gesi ya asidi inayounguza mapafu na kula chuma cha mashine. PVC huzama majini, kwa hiyo beseni la maji ni mlinzi wako wa kwanza: kinachozama kinatoka. PET ya chupa za maji nayo huzama, na haifai kwa mashine hii. Kataa pia plastiki nyeusi za televisheni na redio, ambazo mara nyingi zina kemikali za kuzuia moto, na madumu yaliyobeba dawa za kilimo, hata yakioshwa mara ngapi.

Osha kwa sabuni, suuza, anika juani. HDPE na PP hazinyonyi maji kwa kiasi cha kusumbua, hivyo uso ukikauka inatosha. Mafuta ya kula yaliyobaki ndani ya dumu yana madhara zaidi kuliko maji, kwani yanaungua ndani ya silinda na kuacha harufu na madoa.

Kwa kusaga, usijenge mashine ya kusaga sasa. Ni ghali kuliko ya kushindilia mara kadhaa, inataka mota na giaboksi, na visu vyake hukata kidole bila kupunguza mwendo. Nunua chenga zilizosagwa kwa kilo kutoka kwa wenye karakana za kukusanya taka, kwa masharti kwamba ni aina moja. Chukua konzi moja, itie kwenye maji kabla ya kulipa.

Hatua ya 7: Kalibu

Kalibu, au moldi kama wengi wanavyoita, ndiyo bidhaa yako. Mashine ikiharibika utachomelea upya. Kalibu mbovu hutoa vitu vibovu kila siku.

Pima kwanza. Skwea paipu ya milimita 25 yenye ukuta wa 1.2 ina uwazi wa ndani wa milimita 22.6. Lakini ukuta hubadilika kutoka mzigo hadi mzigo, mara 1.0, mara 1.5. Kifuniko chenye kisiki (sehemu inayoingia ndani ya paipu) laini cha kipimo kimoja kitalegea huku na kukataa kuingia kule. Dawa yake ni kisiki chembamba kidogo, chenye mbavu fupi pande zote nne zinazofika milimita 23.0. Mbavu zinakubali kuminywa, kisiki hakikubali.

Kisha fidia kusinyaa. HDPE ikipoa husinyaa kwa asilimia 1.5 hadi 4, PP asilimia 1 hadi 2.5. Ukitaka mbavu zifike 23.0 na ukakadiria asilimia 2, kata kalibu kwa 23.0 ÷ 0.98, yaani karibu 23.5. Kata ndogo kwa kuanzia, maana chuma kinaweza kupunguzwa zaidi, hakirudi.

Kabla ya kukata chuma chochote, chora kifuniko kwenye FreeCAD, programu ya bure ya kuchorea, na ukichape kwenye printa ya 3D vipande vitatu vya vipimo vinavyotofautiana kidogo. Mpelekee fundi wa viti avigonge kwenye paipu zake mwenyewe. Uchapaji huo unagharimu kidogo mno ukilinganisha na kalibu, na fundi atakwambia jambo ambalo vernia haisemi, kama vile kichwa kuwa kinene na kufanya kiti kiyumbe.

Kalibu yenyewe iwe ya bati tatu zinazolaliana: la juu lenye tundu la kuingizia, la kati lenye umbo la nje, la chini lenye viini vinavyofanya kisiki kiwe na uwazi ndani. Alumini ni rahisi kukata kwa mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta. Chuma cha kawaida kinachukua muda mrefu na kudumu zaidi. Pembe za ndani zitabaki na mviringo wa kisu, na ni vizuri, kwa sababu pembe za ndani za paipu nazo ni mviringo. Kuta zote zinazoelekea upande wa kuvutia zipe mwinamo wa digrii 1 hadi 2. Usipoutia, kipande kitang'ang'ania na utakitoa kwa bisibisi, na bisibisi itaua kalibu.

Hewa inataka pa kutokea. Kwaruza mikwaruzo myembamba sana kwenye uso wa bati, mbali na tundu la kuingizia, kina cha sehemu chache za mia za milimita. Hewa inapita, plastiki haipiti. Pembe isiyojaa au yenye doa jeusi la kuungua ni dalili ya hewa iliyofungiwa.

Weka vipande vinne kwenye kalibu moja. Sababu itaonekana kwenye hesabu.

Hatua ya 8: Kushindilia

1. Washa, weka HDPE digrii 190 juu na 210 kwenye nozeli (PP, 200 na 230). Subiri nusu saa. Namba ikifika haraka, silinda ndani bado haijafika.
2. Mimina chenga, zishindilie kidogo kwa pistoni, ongeza, shindilia tena. Hewa kati ya chenga ni adui.
3. Subiri dakika 10 hadi 12. Achilia plastiki kidogo chini kwa kujaribu: iwe laini, yenye kung'aa, bila vipande visivyoyeyuka na bila moshi. Moshi maana yake joto limezidi. Shusha digrii 10.
4. Pasha kalibu kidogo juu ya silinda. Kalibu baridi kabisa hugandisha plastiki njiani.
5. Funga kalibu kwenye nozeli, vuta wenzo kwa mkupuo mmoja wa haraka, kisha ushikilie kwa uzito wako kwa sekunde 10 hadi 20. Kushikilia huko ndiko kunakojaza nafasi ya kusinyaa. Ukiachia mapema utaona mashimo ya kuzama juu ya kichwa.
6. Fungua kikiwa bado cha vuguvugu. Kikipoa kabisa, kinabana kiini na kugoma.

Fanyia kazi mahali wazi penye upepo, vaa glavu za ngozi na miwani, na fulana ya nailoni iache nyumbani: tone la plastiki la digrii 200 linayeyukia nayo kwenye ngozi.

Andika kila badiliko la joto na muda kwenye daftari, badiliko moja kwa wakati mmoja. Ukigusa mawili pamoja, hutajua lipi limeponya.

Hatua ya 9: Hesabu

Kifuniko kimoja kina uzito wa karibu gramu 5.5. Vinne pamoja na vijia vya plastiki ni gramu 26 hivi. Silinda ya milimita 27 yenye mwendo wa pistoni wa sentimita 30 ina ujazo wa sentimita za ujazo 170, ila chenga zina hewa, basi tegemea theluthi na ushee tu: karibu gramu 60 kwa ujazo mmoja, yaani kushindilia mara mbili, vifuniko vinane kila dakika 12. Ni 40 kwa saa, 240 kwa saa sita, vya viti 60. Ukiongeza chenga kila baada ya kushindilia badala ya kungoja silinda iwe tupu, idadi inapanda.

Kinachokuchelewesha ni kuyeyuka, si kalibu. Vipande nane kwenye kalibu moja havitaongeza chochote. Silinda ya pili itaongeza.

Umeme: bendi za wati 750, zikishapanda huwaka karibu nusu ya muda, kwa hiyo siku ya saa sita inakula uniti 2.5 hivi. Zidisha kwa bei ya LUKU yako, yaani umeme wa kulipia kabla. Plastiki ni kilo moja na nusu na ushee kwa siku. Utagundua kwamba umeme na plastiki ni sehemu ndogo; gharama kubwa ni ujira wa mtu na kipande cha kalibu. Gawa bei ya kalibu kwa vifuniko 10,000, uiweke kwenye bei. Bei yako ikizidi ya dukani, tafuta kifuniko ambacho duka halina, kwa mfano cha paipu ya milimita 40 au ya mviringo yenye mwinamo. Karakana ndogo inashinda kwa oda ndogo za umbo la pekee, na kiwanda hakisumbukii vipande 300.

Kwa vibali vya Tanzania: jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na namba ya mlipa kodi, kisha leseni ya halmashauri. Ukianza kukusanya taka mwenyewe, uliza NEMC, baraza la mazingira, mapema; Kenya ni NEMA. Ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, zipo mikoani Tanzania Bara, na kwa eneo la kufanyia kazi ni mahali pazuri pa kuuliza kwanza.

Hatua ya 10: Rudisha mchoro

Ukishauza mzigo wa kwanza, kaa siku mbili uchore upya ulichojenga: silinda ya bomba la inchi moja lenye kipimo chake halisi, pistoni iliyofuata, jedwali lako la safu nne, picha za nyaya, joto lililokubali. Weka mtandaoni kwa leseni ileile, kwa Kiswahili.

Faida yake imeshaonekana karibu nasi. Darubini ya OpenFlexure ilianza Uingereza chini ya Richard Bowman na wenzake. Mwili wake unachapwa kwa printa ya 3D, na plastiki hupinda kidogo sana kusogeza sampuli kwa hatua ndogo kuliko unywele mara mamia. Karakana ya Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam iliingia katika kazi hiyo ya kuijenga na kuiboresha, na Taasisi ya Afya ya Ifakara ikashiriki kuijaribu kwa uchunguzi wa malaria. Hadi 2020 zaidi ya darubini 100 zilikuwa zimejengwa Tanzania na Kenya. Kipande kikivunjika kinachapwa hapohapo mjini, badala ya kusubiri meli.

Mtu wa Tanga akipakua mchoro wako atapunguza miezi ya kazi. Akikutana na bomba la ukuta mwingine atasahihisha, na sahihisho lake litakurudia wewe siku duka lako litakapobadilisha mzigo. Weka namba ya toleo na tarehe kwenye kila faili, na kwenye kila mashine unayouza bandika lebo yenye namba hiyohiyo, ili fundi atakayeitengeneza baada ya miaka mitano ajue afungue mchoro upi.